Migomba Katika Shamba la Kuazima

Mimi ni mtu wa kukasirika upesi, na sijawahi kuona haya kulisema. Kama ningekuwa mpole, hadi leo ningekuwa Mombasa nikisubiri kuambiwa nihame. Katika miaka sita ya kwanza ya ndoa yangu nilihama mara tatu, wala si kwa ugomvi na jirani. Kwetu nyumba ni yako na ardhi ni ya mtu mwingine. Unajenga kwa fito zako na udongo wako, unaezeka kwa makuti yako, na siku mwenye ardhi akiitaka ardhi yake, unang'oa milango na madirisha unaondoka. Mara ya tatu nilibeba mlango kichwani mimi mwenyewe, mchana kweupe, watu wamekaa barazani wananitazama. Niliapa kwamba huo ndio mlango wa mwisho.

Mume wangu hakuapa kitu. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa maneno machache na kifua kibovu. Pumu ilimkaba kila masika mpaka akalala ameketi. Hata hivyo Mombasa aliipenda. Mama yake alizikwa pale, na mtoto wetu wa kwanza, aliyekaa nasi siku arobaini tu, alizikwa ubavuni mwa bibi yake. Kila Ijumaa baada ya sala mume wangu alipita makaburini kwanza, ndipo aje kula. Mimi sikwenda. Wanawake kwetu hawaendi, na hata kama wangekuwa wanakwenda, nisingeweza. Nilikuwa na hasira hata na kile kilima kidogo cha udongo.

Basi ikaja barua. Aliyeiandika ni fundi mwenzake waliyejifunza kazi pamoja, aliyekuwa akishona kwenye baraza ya duka la Mhindi huko Lushoto, Tanganyika. Sasa alikuwa anarudi kwao Tanga, na mwenye duka alitaka fundi mwingine. Aliandika kwamba hewa ya milimani ni nyepesi, na kwamba yeye mwenyewe alifika na kikohozi akaondoka bila kikohozi. Mume wangu alinisomea, akaikunja, akaitia mfukoni. Kesho yake nilimwambia anisomee tena. Siku ya tatu nikamwambia anisomee tena. Siku ya nne akaniuliza, "Wataka twende?"

"Nataka jana," nikasema.

Miezi minane nilipanga safari ile. Nilimwuliza kila mtu aliyewahi kuvuka mpaka. Mfanyakazi mmoja wa reli aliniambia nisiogope, maana Tanganyika mfalme ni yule yule na shilingi ni ile ile. Mwanamke mmoja aliyewahi kuolewa Korogwe aliniambia kwamba huko juu milimani hawajui samaki, na kwamba mahindi na maharage hupikwa chungu kimoja na huo ndio mlo, mchana na jioni. Mama yangu alinuna mwezi mzima, kisha akanitolea ile methali wanayotolewa wote wanaoondoka: mwacha asili ni mtumwa. Nikamjibu kwamba kama asili yangu ni kubeba mlango kichwani, utumwa nimeshauzoea. Alinipiga kofi la mgongo, nikajua amekubali.

Kitanda tuliuza. Mlango ule niliuuza kwa furaha. Tulibakiza cherehani, sufuria mbili, mikeka, na mbuzi ya kukunia nazi. Nazi zenyewe zitatoka wapi milimani sikujiuliza. Mtu hujiona amepanga kila kitu, kumbe amepanga kuhama na jiko lake la zamani.

Mume wangu aliweka sharti moja tu. "Miaka miwili," akasema. "Kifua kikipona, twarudi."

"Inshallah," nikasema. Mungu anisamehe, sikuwa na nia hiyo hata chembe.

Tulipanda gari la moshi mpaka Voi, tukabadilisha, tukapita Kahe, tukashuka Mombo na vumbi kichwani. Kutoka Mombo tulipanda lori lililobeba chumvi na mafuta ya taa. Njia ilijipinda mlimani, na kila kona mume wangu aliikumbatia cherehani kama ndiyo itakayomwokoa. Tulipofika Lushoto nilikuwa nimejifunga leso mbili, na meno yalikuwa yakigongana. Nilitazama mikaratusi na ukungu uliokaa juu ya paa za ofisi za serikali, nikajiambia, hapa sitoki.

Wiki za kwanza zilinitia adabu. Tulipanga chumba mjini, na kwa sababu ya baridi tuliwasha moto ndani, na moshi wa moto ukamfanya mume wangu akohoe kuliko Mombasa. Hakunilaumu. Angenilaumu, ningepata cha kujibu. Alikohoa tu, akaenda kushona. Nikauhamisha moto nje, tukalala na baridi tukiwa tumejifunika kila kitambaa tulichokuwa nacho, na kikohozi kikaanza kulegea.

Mtu aliyetusaidia alikuwa mkulima Mshambaa, mtu wa makamo, aliyelima kabichi na karoti bondeni na kuwauzia Wazungu mjini. Alileta kanzu ya kushonwa, wakajikuta wanasali msikiti mmoja na mume wangu, wakazoeana. Siku moja akamwambia, "Fundi, chumba cha mjini cha nini? Nina kibanda kule kijijini kwangu, mwendo wa saa moja. Kipo na kishamba. Limeni mahindi, limeni maharage, mle na mkeo."

Mimi nilisikia ukarimu, nao ulikuwa ukarimu kweli. Nilichokosa kusikia ni kwamba alikuwa pia anatuwekea mipaka.

Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi jembe nilijipa siku ya kwanza, na siku ya kwanza hiyo hiyo niliteleza na jembe langu mpaka kwenye shamba la jirani wa chini. Mtu wa pwani hajui kulima ukutani. Mke wa mwenye shamba, mwanamke mrefu mwenye kicheko kikubwa, alinitazama nikipanda tena kwa magoti, akaniita kwa sauti, "Mama Mswahili! Shamba huku halilimwi ukiangalia chini. Angalia juu!" Alikuja akanionyesha namna ya kusimama, mguu mmoja juu na mwingine chini, na jembe kuvuta udongo kuupandisha ili mvua isiuchukue. Alinifundisha kusema hongea, yaani asante kwa Kishambaa, nami nilikuwa na sababu ya kulitumia kila siku. Tulivuna maharage, tukavuna mahindi, tukayapika chungu kimoja. Nilikula makande bila nazi, na sikufa.

Mume wangu akawa anapanda mlima jioni akitoka kazini. Mwanzo alisimama mara nne njiani kuvuta pumzi. Nilimwona kutoka kibandani, maana njia yote inaonekana. Siku za Ijumaa alichelewa. Baadaye nilijua kwamba alikuwa akibaki msikitini kuwasomea dua mama yake na mtoto wetu, kwa kuwa hakuwa na makaburi ya kupitia.

Baada ya mavuno ya pili nikafanya kosa langu.

Chini ya kibanda, karibu na mfereji wa maji, palikuwa na kipande kitupu. Kila nilipokipita mkono uliniwasha. Siku ya soko nilishuka Lushoto nikanunua miche sita ya migomba kwa mama mmoja aliyeileta kutoka Mlalo. Aliniuliza naenda kuipanda wapi. Nikamwambia, "Kwangu." Nilichimba mashimo asubuhi ile ile, nikaipanda kwa mstari, nikaimwagilia, nikasimama na kujisikia mtu mwenye kwao. Mwanamke mmoja aliyebeba majani ya ng'ombe alipita, akatua mzigo, akatazama.

"Umepanda migomba," akasema.

"Nimepanda."

"Haya," akasema, akajitwika mzigo wake.

Nilidhani amenipongeza.

Tangu siku ile kijiji kilinyamaza. Mke wa mwenye shamba hakuja tena kuomba moto wala kuniletea moto. Nikimwamkia mtu njiani, aliitikia shikamoo yangu kwa sababu shikamoo haikataliwi, kisha akapita. Wanaume wawili walikuja wakasimama karibu na mfereji, wakazungumza Kishambaa wakiitazama miche yangu, wakaondoka bila kubisha hodi. Wiki ya pili mwenye shamba alifika dukani, akamwomba mume wangu amrudishie kitambaa cha koti ambacho hakijakatwa. Alisema kwa adabu kabisa. Akasema pia kwamba tukishavuna mahindi yaliyoko shambani, kibanda kina mtu wa kukikaa.

Mume wangu aliniambia haya akiwa amesimama mlangoni, kofia bado kichwani. Ilikuwa mara ya nne. Nilikuwa nimevuka nchi nzima ili nihamishwe mara ya nne.

Sikungoja chakula kiive. Nilishuka mpaka nyumbani kwa mwenye shamba. Mkewe alikuwa jikoni akichagua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo dada," nikasema.

"Marahaba."

"Nimewakosea nini?"

Hakuinua uso. "Hujui?"

"Ningejua ningekuja kuuliza?"

Hapo alinitazama, akaona kwamba sijui kweli, akaweka ungo chini. "Migomba," akasema.

"Migomba imefanya nini?"

"Mahindi yana miezi yake. Ukivuna, shamba linarudi kwa mwenyewe. Mgomba hauna siku ya kwisha. Ule pale aliupanda baba mkwe wangu, mume wangu hajazaliwa, na mpaka leo unatoa watoto. Shamba la kuazima hupandi mgomba, hupandi mbuni, hupandi mti. Ukipanda, umesema shamba ni langu na la wanangu. Mume wangu ana ndugu zake. Wamemjia juu. Wanasema, umewaleta Waswahili, sasa wanachukua shamba la baba huku unatazama."

Damu ilinipanda. Nilimwambia kwamba kwetu pwani mnazi una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, kwamba mtu anaweza kupanda minazi katika ardhi ya mwenzake kwa ruhusa yake, akarithisha minazi, na ardhi isiguswe. Nilimwambia sikuchukua hata kiganja cha udongo wao.

"Kwenu ni kwenu," akasema. Hakusema kwa ubaya.

"Na nyinyi mliniona nikichimba! Mbona hakuna aliyesema?"

"Tulidhani unajua. Nani amfundishe mtu mzima mambo ya mgomba? Ingekuwa kama kukuambia usiingie chumbani kwa watu."

Nilipanda mlima nikijitetea kwa sauti, peke yangu, kama kichaa. Ruhusa ya kupanda niliomba lini? Sikuomba. Lakini ni desturi yao, sikuijua. Basi mbona hukuomba, kama hata kwenu huombwa ruhusa? Nilipofika kwenye mfereji nilikuwa nimejishinda mwenyewe. Desturi yao sikuijua, hilo ni kweli. Tamaa yangu niliijua. Yule mama wa Mlalo sikumwambia "kwa mtu aliyetuazima". Nilimwambia "kwangu", na utamu wa neno lile bado ulikuwa mdomoni. Niliona aibu, na aibu kwangu mimi ni hasira iliyokosa pa kwenda.

Mume wangu alikuwa ameanza kukunja nguo.

"Turudi," akasema. "Wameshatuonyesha njia."

"Wewe umetaka kurudi tangu gari la moshi lilipoanza kutembea."

"Na wewe hukutaka kurudi kabisa," akajibu. "Uliponiambia inshallah, nilikuona macho."

Nilikaa chini. Mwaka na zaidi alikuwa anajua, akapanda mlima ule kila siku, akanyamaza. Alisema Mombasa ana watu wawili wanaomngoja, na huku hana hata mmoja. Mmoja wa hao wawili alikuwa wangu pia.

Mwishowe nilisema, "Wewe sasa unasimama mara ngapi njiani ukipanda?"

Alifikiri. "Sisimami," akasema, kana kwamba ndiyo kwanza anagundua.

"Basi nipe siku chache. Nikishindwa, nguo nitazikunja mimi."

Asubuhi niling'oa migomba yangu sita. Ilikuwa imeshashika, ikanipa taabu. Niliibeba miwili miwili mpaka nyumbani kwa mwenye shamba, safari tatu, na kijiji kizima kikinitazama. Kutazamwa nikibeba vitu kichwani nilikuwa nimeshakuzoea. Nyuma ya jiko lake nilichimba mashimo sita. Mkewe alisimama mikono kiunoni, kisha akanisogezea jembe zito zaidi. Nilikuwa kwenye shimo la tano mwenye shamba alipokuja.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Naipanda mahali pake. Udongo ni wako, sasa na migomba ni yako. Aliyekosa ni mimi, si mume wangu. Yeye alikuwa kazini."

"Hukujua desturi yetu."

Ningeweza kukubali, na mambo yakaishia hapo. "Desturi sikuijua," nikasema. "Lakini walivyosema ndugu zako ni kweli. Nilitaka pawe pangu. Bado nataka. Ila sasa naomba."

Mkewe akamwambia kitu kwa Kishambaa, maneno mengi, na mara mbili nilisikia neno Mswahili. Yule bwana akacheka kidogo, bila kutaka.

"Shamba haombi mwanamke," akasema. "Mwambie mumeo aje Alhamisi, na mtu wa kumsemea."

Mtu wa kumsemea tulimpata: mwalimu wa madrasa, aliyekuwa akishonewa kanzu zake kwa mume wangu. Siku ya Alhamisi tulikwenda watatu. Wanaume walikaa mkekani: mwenye shamba, ndugu zake, na baba yao mdogo, mzee mkavu mwenye fimbo, ambaye alikuwa ndiye aliyekasirika kuliko wote. Mimi niliwekwa mlangoni pa jikoni pamoja na mke wa mwenye shamba. Alinipa ungo wa maharage. "Chagua," akaninong'oneza. "Mikono ikifanya kazi, mdomo unapumzika. Leo ukisema neno moja, umeharibu."

Mwalimu alisema maneno mazuri. Aliomba kile kipande cha juu ya kibanda, chenye mawe, ambacho hakuna aliyekilima. Alisema mgeni huyu ni mtu wa msikitini, kazi yake inajulikana, na atatoa mbuzi wa kuliwa na mashahidi. Ndugu mmoja alisema mawe yale hata nyani hawayataki. Mwingine akasema leo mawe, kesho bonde. Maneno yalikwenda yakirudi. Kisha baba mdogo akagonga fimbo chini, akamgeukia mume wangu.

"Wageni tunawajua," akasema. "Wanakula, wanashiba, wanapona, wanakwenda kwao, na wanauza shamba letu kwa mtu tusiyemjua. Mimi nina swali moja. Wewe fundi, ukifa, utazikwa wapi?"

Jibu lilinijaa kinywani. Mke wa mwenye shamba alinishika kifundo cha mkono, akakibana hasa.

Mume wangu aliangalia mikono yake. Mtu yule hakuwahi kusema uongo, hata wa kumwambia mteja kwamba nguo itakuwa tayari kesho. Nilimjua. Nilijua ni akina nani anaowaona mbele yake wakati ule, na kwamba kama angesema Mombasa, nisingekuwa na haki ya kumlaumu. Nilisikia mvua nyepesi ikianza juu ya paa. Nikaanza, kimya kimya, kuaga: mfereji, kibanda, yule mwanamke aliyenishika mkono. Nilikuwa najiandaa kukunja nguo kama nilivyoahidi.

"Hapa," akasema.

Mzee akaweka mkono sikioni. "Sema wasikie wote."

"Nitazikwa hapa," akasema mume wangu, na sauti yake ilikuwa safi, haina kikohozi. "Na mke wangu hapa. Na watoto, Mungu akitupa, hapa."

Nililia, na sikujificha. Machozi yalidondoka kwenye ungo, na mwenzangu hakunikataza, alinisogeza tu pembeni ili maharage yasilowe. Mimi nilihamia Ushambaa siku tuliposhuka kwenye lori. Muda wote ule nilidhani nimemleta na yeye, kwa vile nilimwona akila na kulala na kwenda kazini, kumbe nilikuwa nimeleta kifua chake tu. Yeye mwenyewe alihama siku ile, mbele ya watu wasiotupenda, na hakumuuliza mtu, wala mimi hakunitazama.

Kisha mzee akanyoosha fimbo kuelekea mlimani, akamwambia mwenye shamba kesho asubuhi atuonyeshe mipaka, ila awahi, kabla ukungu haujashuka.